Ujumbe wa angani ukichelewa, heri ungepotea

Juni 2016, kusi ikiwa imeshika, kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa pwani ya Pemba. Kikapelekwa Australia kuchunguzwa, na Septemba mwaka huo ikathibitika kuwa ni flapu ya bawa la kulia la Boeing 777 ya Malaysia, safari MH370, iliyotoweka Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239. Kwa sisi wa Tanga habari ile haikuwa ya mbali. Pemba iko ng'ambo tu ya mkondo, na vijana wanaoshusha samaki pale Deep Sea wanavua maji yale yale. Mabarazani Ngamiani watu waligawanyika kama kawaida: huyu anamlaumu rubani, yule watekaji, mwingine majeshi ya mataifa makubwa. Mimi nilivutwa na jambo la kikarani zaidi. Usiku ule, watu waliokuwa chini na kompyuta zao walikuwa wanaona nini?

Ripoti ya wachunguzi wa Malaysia iliyotoka 2018 inalijibu swali hilo dakika kwa dakika. Saa 7:07 usiku, kwa saa za kule, mfumo wa ACARS, unaotuma jumbe fupi za data kati ya ndege na ardhi, ulituma taarifa yake ya mwisho kutoka ndani ya ndege. Saa 7:21 alama ya ndege ikatoweka kwenye skrini za waongoza ndege. Taarifa nyingine ya ACARS ilitarajiwa saa 7:37, haikuja. Ilipofika saa 8:03, waongoza ndege wa Kuala Lumpur wakawaambia wenzao wa Ho Chi Minh, Vietnam, wakinukuu shirika lenyewe, kwamba ndege iko katika anga la Cambodia. Wakati huo ilikuwa imeshageuza njia kitambo, inakwenda upande mwingine kabisa. Programu ya shirika ya kufuatilia safari ilikuwa inaendelea kuisogeza ndege kwenye ramani kwa kufuata mpango wa safari, yaani mahali ambapo ndege ilipaswa kuwa. Ni saa 9:30 usiku ndipo shirika likasema kwamba yale yalikuwa makadirio na hayafai kutegemewa kujua ndege iko wapi.

Karibu saa moja na nusu ilipotea hivyo. Hakuna aliyedanganya. Skrini haikuwa imefundishwa kusema "sijapata habari tangu saa 7:07."

Tunapojadili mawasiliano ya data kati ya ndege na ardhi, mjadala huishia kwenye vifaa: nani ana mtambo mpya, nani wa zamani, setilaiti ya nani ina kasi. Kwa maoni yangu hatari kubwa iko kwingine. Redio ya sauti ikiharibika, hujitangaza. Unasikia mikwaruzo, unasikia nusu ya sentensi, au humsikii mtu kabisa na mara moja unajua kuna tatizo. Mawasiliano ya data yanaweza kuharibika huku skrini ikibaki safi, maandishi yamekaa sawasawa, na kila mtu akiamini mwenzake amepata.

Turudi nyuma kidogo tuone mfumo huu ulivyozaliwa, maana asili yake inaeleza mengi. ACARS ilianza Marekani mwaka 1978, na kazi yake ya kwanza haikuwa usalama. Ilirekodi nyakati nne: ndege kuondoka kwenye maegesho, kupaa, kutua, na kufika kwenye maegesho, ili wafanyakazi walipwe saa zao bila ofisi kutegemea karatasi walizojaza wenyewe. (Mwajiri ni mwajiri tu, hata akiwa na ndege.) Ujumbe ulipita kwenye redio ya VHF, inayofika karibu tu, kwa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde. Baadaye zikaja VDL, yaani VHF ya data yenye kasi ya biti 31,500, redio ya HF kwa masafa marefu, na setilaiti. Kwa kutumia njia hizo, mwaka 1995, ndege za Boeing 747-400 katika Pasifiki ya Kusini zikaanza kutumia kile kinachoitwa CPDLC: mwongoza ndege anaandika, rubani anasoma na kujibu. Mfumo uliozaliwa kuhesabu saa za mishahara ukawa sasa unabeba vibali vya kupanda na kushuka.

Sababu za kuhamia kwenye maandishi zilikuwa za haki, na anayebisha aikumbuke ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania. Machi 27, 1977, ndege mbili za Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia, ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Katika sekunde za mwisho mnara na ndege ya Pan Am walizungumza kwa pamoja kwenye masafa mamoja, na kilichofika masikioni mwa marubani wa KLM kilikuwa mlio mkali badala ya maneno waliyohitaji kuyasikia. Sauti ina uchafu wake. Ina lafudhi, ina namba zinazofanana, na ina tatizo la watu wawili kubonyeza kitufe kwa wakati mmoja. Maandishi yanaondoa yote hayo.

Na inapofanya kazi, CPDLC ni kitu kizuri sana. Ndani ya chumba cha marubani unalia mlio mdogo. Kwenye skrini unatokea mstari mmoja: panda hadi futi 36,000. Rubani mmoja anausoma, mwenzake anauhakiki, kisha wanachagua jibu kwa kubonyeza: tutatekeleza, hatuwezi, au subiri. Hakuna kurudia, hakuna "samahani, sikukusikia." Mwongoza ndege anaona jibu kwenye meza yake na anaendelea na ndege nyingine. Juu ya bahari, ambako VHF haifiki na HF inasikika kama mtu anayekaanga samaki kando ya maikrofoni, hii ni nafuu kubwa.

Sasa tazama kilichotokea 2017. Katika anga la bahari linalosimamiwa na Marekani, mwongoza ndege alituma kibali cha kubadilisha kimo. Ujumbe ukakwama ndani ya mtandao wa setilaiti wa Iridium. Haukufika, wala haukufutwa. Ndege ile ikamaliza safari, ikatua. Baadaye ikapaa tena kwa safari nyingine kabisa, mtandao ukauachia ule ujumbe wa zamani, mlio ukalia, mstari ukatokea, na marubani, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kushuku, wakautekeleza.

Muuza duka yeyote wa Barabara ya 12 anaujua mchezo huu. Mteja amelipa kwa simu, ujumbe hauingii, foleni inanung'unika, mteja analipa mara ya pili. Nusu saa baadaye jumbe zote mbili zinaingia kwa mpigo. Pesa ya simu hurudishwa ukiwa na subira na ukapiga huduma kwa wateja. Ndege iliyobadilisha kimo kwa kibali cha safari iliyokwisha haina pa kupiga.

Ndiyo maana nasema ujumbe uliopotea una nafuu. Ukipotea, mwongoza ndege hapati jibu, muda unapita, anaanza kuulizia, na kila mtu anabaki alipokuwa. Ukichelewa, unafika na mamlaka yote ya kibali halali huku dunia iliyouzaa haipo tena. Ndege nyingine imeshaingia kwenye kimo kile. Hata mwongoza ndege aliyeuandika huenda yuko nyumbani amelala.

Dawa yake, ukiisikia, utashangaa ilivyo ya bei ndogo: kipima muda. Kila ujumbe una saa uliyoandikwa. Kompyuta ya ndege inalinganisha saa hiyo na saa ya kupokea, na ikikuta tofauti imezidi kiwango, inamwonya rubani au inaukataa. Katika Atlantiki ya Kaskazini sasa ndege ikijiunga hupokea agizo la kukiweka kipima muda hicho kwenye sekunde 300. Wapo wanaojibu kwamba kwenye ndege yao kipima muda hakipo. Jibu hilo linaruhusiwa, na ndege inaendelea na safari. Linanikera kuliko hadithi nyingine yoyote ya jambo hili, kwa sababu hapo tatizo limeshafahamika, dawa imeshapatikana, na bado yupo anayeruka bila hiyo dawa kwa kuwa programu ya ndege yake ni ya zamani.

Mtu asidhani haya ni ya watu maskini. Ulaya ilipitisha kanuni namba 29 ya mwaka 2009 kuzilazimisha ndege zinazopita juu ya futi 28,500 ziwe na mawasiliano ya data. Tarehe ya mwisho ilikuwa Februari 2015. Mtandao ukaanza kukatika wenyewe katikati ya mazungumzo, mara kwa mara kiasi cha marubani na waongoza ndege kuona heri warudi kwenye sauti. Wachunguzi wakakuta, miongoni mwa mengine, kwamba ndege nyingi mno zilikuwa zinabanana kwenye chaneli moja ya redio. Tarehe ikasogezwa hadi Februari 2020. Miaka 5 kuchelewa, kwa bara lenye fedha na wahandisi wa kumwaga. Walichofanya vizuri, na hapa nawavulia kofia, ni kwamba walikiri hadharani kuwa mfumo haufanyi kazi, wakaupima, wakachapisha matokeo.

Sasa tuje kwetu, maana Afrika ina sura yake katika habari hii. Usiku wa Juni 1, 2009, Airbus A330 ya Air France, safari AF447, ilikuwa inavuka Atlantiki kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Watu hukumbuka jumbe 24 za hitilafu ambazo ACARS ilizituma katika dakika za mwisho, na miaka karibu miwili iliyopita kabla vinasa safari havijapatikana chini ya bahari mwaka 2011. Kisichokumbukwa sana ni kwamba kabla ya ajali marubani walijaribu mara tatu kujiunga na mfumo wa data wa waongoza ndege wa Dakar, Senegal, na mara tatu wakakataliwa, kwa kuwa mfumo wa Dakar haukuwa na mpango wa safari ya ndege ile. Sisemi kwamba kujiunga kungeiokoa; ndege ilianguka kwa sababu nyingine, ya vipima kasi kuganda barafu na jinsi marubani walivyoitikia. Nasema mlango ulikuwepo, umejengwa kwa fedha halisi, na siku ulipogongwa haukufunguka kwa sababu ya karatasi iliyokosekana nyuma yake.

Karatasi hiyo hiyo, yaani taarifa ya safari inayotakiwa kupita kutoka kituo hadi kituo, ndiyo iliyokosekana Septemba 13, 1997 nje ya pwani ya Namibia. Tupolev ya jeshi la Ujerumani na C-141 ya jeshi la Marekani ziligongana zikiwa futi 35,000, watu 33 wakafa. Waongoza ndege wa Windhoek, Namibia, waliijua ya Marekani. Ile ya Ujerumani iliyokuwa inakuja kutoka kaskazini hawakuwa na habari nayo. Na hakuna kati ya ndege hizo mbili iliyokuwa na kifaa cha kuonya juu ya kugongana.

Marubani wanaolifahamu bara hili wana dawa yao ya kienyeji, na ni rasmi, ipo kwenye taratibu za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Katika maeneo mengi ya anga la Afrika rubani huweka redio moja kwenye masafa 126.9 na kutangaza mwenyewe, hata kama hajaombwa na mtu: mimi ni fulani, niko kimo hiki, natoka huku nakwenda kule, nitafika kituo fulani saa fulani. Anatangaza kwa yeyote anayesikiliza. Ni teknolojia ya babu zetu, na imedumu kwa sababu moja: kila anayeitumia anaisikia kazi yake. Ukinyamaza, wenzako wanajua umenyamaza.

Lakini sauti nayo isitukuzwe kupita kiasi. Mapema 2024 marubani waliokuwa wanapita anga la Somalia walianza kupewa maelekezo kwenye redio na watu ambao hawakuwa kituo cha Mogadishu, katika ugomvi wa nani mwenye mamlaka juu ya anga la Somaliland. Sauti ni sauti. Mtu yeyote mwenye redio na Kiingereza cha angani anaweza kujifanya mwongoza ndege. Katika hali ile mawasiliano ya data, ambayo ndege hujiunga nayo kwa anwani maalumu ya kituo, yalikuwa kimbilio. Anayetaka kuchagua upande mmoja, sauti au maandishi, hana msaada kwetu.

Tanzania iko wapi? Kwa vifaa tumepiga hatua, hilo nalikubali bila kinyongo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, imefunga rada nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Dreamliner za ATCL, shirika letu la ndege, zinazovuka bahari kwenda Mumbai hutoka kiwandani zikiwa na mawasiliano ya data tayari. Rada hata hivyo inaona tu, haizungumzi, na ndege ikishatoka mbali baharini hata kuona haiwezi.

Kinachonisumbua ni namna tunavyoyajadili mambo haya. Neno rada katika nchi hii bado linanuka sakata. Tulinunua mtambo wa BAE Systems, kampuni ya Uingereza, kwa pauni milioni 28 mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukagombana kwa muongo mzima, mwaka 2012 BAE ikaturejeshea pauni milioni 29.5, "chenji ya rada" ikanunua vitabu na madawati. Haki ilikuwa kugombana. Ila tukajenga tabia ya kuuliza swali moja tu kuhusu mitambo ya anga, yaani bei yake siku ya kununuliwa na nani alikula. Hatujawahi kuuliza kwa sauti hiyo hiyo: mwezi uliopita ilikatika mara ngapi? Kwa dakika ngapi? Nani aligundua, mashine au rubani aliyekuwa anaita bila kujibiwa?

Vipimo vya kuuliza hivyo vipo. Katika Atlantiki, tangu Machi 2018, ndege inayotaka kupita karibu-karibu na wenzake lazima ifikie kiwango kinachoitwa RCP240. Mzunguko mzima, kuanzia mwongoza ndege anatuma, rubani anasoma, anaamua, anajibu, hadi jibu linarudi, unatakiwa uishe ndani ya sekunde 210 kwa asilimia 95 ya jumbe, na ndani ya sekunde 240 kwa asilimia 99.9. Shirika ambalo ndege zake hazifikii hapo linaondolewa kwenye njia hizo. Kipimo hicho hakijali mtambo ulinunuliwa wapi wala kwa shilingi ngapi.

Mtu wa Tanga ataniuliza haya yanamhusu nini yeye. Ndege zinazotua kwetu ni ndogo, Caravan za injini moja zinazoruka kwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam, na rubani wake anategemea redio ya sauti. Swali ni zuri, na jibu liko kwenye jiografia. VHF inakwenda mstari ulionyooka. Ndege iliyo futi 5,000 inasikika hadi kama maili 87 za baharini, na kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa mstari wa moja kwa moja ni kama maili 108. Kwa hiyo Caravan iliyo chini juu ya mkondo wa Pemba haiwezi kusikika Dar bila kituo cha kati cha kupokea na kurusha sauti. Kituo hicho huunganishwa na Dar kwa mtandao wa data. Rubani anadhani anatumia redio tupu, kumbe katikati ya safari ya sauti yake kuna kompyuta, na kompyuta hiyo inaweza kufa kimya vilevile. Na kwa jinsi bandari inavyopanuliwa na bomba la mafuta kutoka Hoima linavyofikia Chongoleani, sidhani kama ndege juu ya mkondo huu zitapungua.

Ninachotaka kwa TCAA ni kitu cha kawaida na hakihitaji zabuni. Kila robo mwaka ichapishe kwa Kiswahili, kituo kwa kituo, muda ambao mawasiliano yalikatika na namna ilivyogundulika. Kituo kisichokuwa na mtu usiku kiwe na kengele inayolia Dar pale kiungo kinapokatika, na rubani asiwe ndiye kengele. Siku tutakapoanza kutuma vibali kwa maandishi, ndege isiyo na kipima muda ipewe vibali kwa sauti mpaka mwenye ndege akarekebishe programu. Na skrini yoyote, ya serikali au ya shirika, inayoonyesha ndege kwa makadirio, iibadilishe rangi ndege hiyo na kuandika pembeni yake saa ya habari ya mwisho iliyopokelewa kweli.